Nilivyoongeza pini 16 kwenye Raspberry Pi ya mashine za vifaranga

Mjomba wangu anatotolesha vifaranga Morogoro, ana mashine tatu, kila moja ina taa za joto, feni, kifaa cha unyevu na mota ya kugeuza trei za mayai, kwahiyo rilei 12 (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo). Ukihesabu pini za Raspberry Pi, kale kakompyuta kadogo kanakoziongoza, zinatosha, ila mi nilishaunguza Pi moja kwa kuiingizia volti 5 kwenye pini inayotaka 3.3, sikutaka tena waya wa rilei uiguse moja kwa moja. Nikanunua kabodi ka kuongeza pini kenye chipu ya MCP23017, kakifa kafe kenyewe.

Kwenye Pi zinatoka waya nne tu: volti 3.3, graundi, SDA (ya data) kwenye pini namba 3 na SCL (ya mapigo ya saa) namba 5. Nikawasha I2C (njia ya Pi kuongea na chipu kwa SDA na SCL), nikapiga i2cdetect -y 1, amri ya kutafuta chipu, ikatokea anwani 20, safi. Napiga tena haipo, nasogeza mkono karibu na bodi inatokea 24! Nusu siku nabadilisha waya nzima nikidhani mbovu, kumbe pini A0, A1 na A2 za chipu zilikuwa zinaning'inia tu. Hizo ndo zinachagua anwani, kuanzia 0x20 mpaka 0x27, sasa ukiziacha wazi chipu kila saa inajiita jina lingine. Nikazipeleka zote graundi, pini ya RESET (ya kuianzisha chipu upya) nikaivutia 3.3 kwa rezista ya 10k, ikatulia.

Rilei nazo zikawa zinawaka ila hazizimi. Hizi bodi za bei ya kawaida zinawaka pini ikiwa chini (volti sifuri), na bodi ikila volti 5 ile 3.3 ya chipu haitoshi kuizima, taa ndogo ya bodi inabaki inawaka kwa mbali. Yangu ina kijampa (kiunganishi kidogo) kinachounganisha VCC na JD-VCC, nikakichomoa, VCC nikaipa 3.3 na JD-VCC nikaipa 5 za koili, basi.

Iliyonitoa jasho ni ya umeme. Kila umeme ukikatika ukarudi, mjomba anapiga simu, "Mjomba, haya madude yako yana shetani?" Nikaenda kukaa nayo, nikazima swichi kubwa, nikawasha. Kimya kidogo, halafu ta! rilei zote 12 kwa mpigo, trei zinageuka, taa zote juu, sekunde kama sita hivi ndo zinajipanga. Na kuna mashine ilikuwa siku ya 19, mayai ambayo toka siku ya 18 hayatakiwi kugeuzwa tena!

Kosa langu. Chipu ikiwaka pini zote zinakuwa za kuingiza, rilei zimelala. Ila OLAT (inayoshika thamani za kutoa) inaanza na sifuri, na mi naandika IODIR (inayochagua pini iwe ya kuingiza au kutoa) kwanza kuzifanya za kutoa, hapo hapo zote zinaenda chini, na chini kwa hizi rilei ni kuwaka, halafu programu inahangaika na sensa za joto kabla ya kuzizima. Nikageuza mistari tu: 0xFF kwenye OLATA na OLATB (0x14 na 0x15) kwanza, ndo IODIR ifuate.

Rilei zimekaa kwenye pini za chipu GPA0 mpaka GPA7 na GPB0 mpaka GPB3, swichi za milango GPB4 mpaka GPB6. Imebaki GPB7, ambayo datashiti mpya inasema itumike kutoa tu, isisome kitu, GPA7 hivyo hivyo. Mjomba anataka niiwekee king'ora.