Bustani ya Kifaransa kwenye ardhi ya Malindi

Wengi wanaotaka bustani ya Kifaransa hapa Malindi huja na picha ya Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, mkononi. Mfano huo hautufai, kwa sababu ya maji. Mwaka 1684 ilikamilika mashine ya Marly, magurudumu 14 ya kupandisha maji ya mto Seine zaidi ya mita 150, na bado chemchemi za bustani hazikuweza kurusha maji zote kwa pamoja. Mafundi walipigiana miluzi mfalme akikaribia, wakafungua za mbele yake na kufunga alizokwisha kuzipita. Kisima chetu chenye chumvi hakitaweza mambo hayo.

Tazameni Villandry, kwenye bonde la Loire. Joachim Carvallo alilinunua kasri hilo mwaka 1906, akaondoa bustani ya mtindo wa Kiingereza na kurudisha ya kale ya mistari na pembe. Uzuri wake mkubwa uko kwenye mboga: miraba 9 iliyo sawa kwa ukubwa, kila mmoja na nakshi yake, inayopandwa upya mara mbili kwa mwaka. Kabichi na viazisukari hupangwa kwa rangi kama nyuzi za mkeka. Sisi tuna mchicha mwekundu, biringani, bamia, pilipili na mrihani, na rangi zake hazipungukiwi na kitu.

Uzio mfupi wa bustani hizo ni buis, kichaka cha majani madogo kinachopenda baridi. Huko Marqueyssac, katika eneo la Périgord, vimefika 150,000 na hukatwa kwa mkono. Kwetu joto litavidhoofisha, na hata kwao vinaumwa: bustani ya kasri la Vaux-le-Vicomte ilibidi ing'oe vya nakshi zake mwaka 2019 kwa sababu ya viwavi vya nondo na ukungu. Hapa pandeni mhina. Unavumilia ukame na hukubali mkasi, ila ukikatwa mara kwa mara hautatoa maua mengi.

Kwanza pandeni darini mtazame kiwanja, maana nakshi hizi zilichorwa zionekane kutoka juu. Kisha vuteni kamba ya katikati kutoka mlangoni. Pembe ipimwe kwa kamba tatu, za mita 3, 4 na 5. Zikikutana ncha kwa ncha, kona kati ya kamba ya 3 na ya 4 ni mraba kamili. Tuta liwe na upana wa sentimita 120, mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na njia sentimita 90, toroli lipite.

Chimbeni sentimita 40, toeni mawe ya matumbawe, na mrudishe udongo pamoja na samadi iliyooza vizuri, theluthi moja ya ujazo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Majani yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, chokaa ya ardhi inauzuia mmea kupata madini ya chuma. Ongezeni mboji, msikimbilie mbolea ya dukani. Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, hiyo ni chumvi. Hapo tumieni maji ya mvua yaliyowekwa tangini, na mkimwagilia mmwagilie shinani kwa wingi, si kidogo kidogo kila siku, kwani maji kidogo huiacha chumvi juu ya udongo.

Vipandikizi vya mhina viwekwe mwanzo wa masika, sentimita 25 kati ya kimoja na kingine. Vikifika sentimita 20 kateni ncha, hata kama roho inauma. Bila hivyo shina litapanda juu na chini kubaki wazi. Baadaye vuteni kamba kati ya vigingi viwili kila mnapokata, na chini paachwe papana kuliko juu. Ukuta ulionyooka wima huzinyima mwanga sehemu za chini, majani yakapukutika, na mhina uliokwisha kuwa mtupu chini utawalazimu kuukata karibu na ardhi na kuanza upya.