Kupima macho kwa kompyuta ni mwanzo tu

Mabango ya "tunapima macho kwa kompyuta" yamejaa mitaani, na wengi hutoka dukani wakiamini kwamba namba iliyotoka kwenye mashine ndiyo namba ya miwani yao. Mashine ile hurusha mwanga ndani ya jicho, husoma jinsi unavyorudi, na haimalizi dakika kabla ya kutoa kikaratasi. Humpa mpimaji mahali pa kuanzia. Anayekata lenzi moja kwa moja kutoka kwenye kikaratasi hicho anabahatisha.

Tatizo ni misuli ya ndani ya jicho. Mtu akichungulia picha iliyomo kwenye mashine, jicho huweza kujikaza kana kwamba linatazama kitu cha karibu, na mashine ikausoma mkazo huo kama kutoona mbali. Watoto ndio wanaoponzwa zaidi: asiyehitaji miwani kabisa, au anayehitaji ya plasi (ya asiyeona karibu), anaweza kutoka na ya minasi (ya asiyeona mbali), -1.50. Ndiyo maana mtoto hutiwa kwanza matone ya saiklopentoleti yanayolegeza misuli hiyo, kisha husubiriwa dakika 30 hadi 40 ndipo apimwe. Ataona ukungu akisoma, na mwanga unaweza kumsumbua mpaka kesho yake, kwa hiyo usimpeleke siku ya kuamkia mtihani.

Mtu mzima hukalishwa mita 6 kutoka kwenye chati (chumba kikiwa kifupi hutumika kioo), akifunika jicho moja moja. Ukiandikiwa 6/18, maana yake herufi unazozisoma kwa mita 6, mwenye macho mazima huzisoma akiwa mita 18. Hapo unapaswa kupewa kifuniko chenye tundu la kama milimita 1 uchungulie. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa sana. Ukiona vizuri zaidi kupitia tundu, yaelekea lenzi zitakusaidia. Usipoona tofauti, huenda shida ni mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) au mshipa wa fahamu wa jicho, na kukuuzia miwani kabla ya kujua ni kukumalizia pesa.

Kisha huvalishwa fremu ya majaribio, lenzi zikibadilishwa kwa hatua za 0.25: ya kwanza au ya pili? Usione haya kujibu "ziko sawa". Hilo nalo ni jibu, na mara nyingi ndilo linalomwonyesha mpimaji kwamba amefika.

Mwenye kisukari ana lake. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika na namba huhama nayo. Ukikata miwani wakati sukari inapanda na kushuka, au ndiyo kwanza umeanza dawa, baada ya mwezi haitakufaa. Subiri sukari itulie kwa wiki kadhaa. Kuchunguzwa retina, mboni zikiwa zimepanuliwa kwa matone, hakusubiri: angalau mara moja kwa mwaka, hata kama unaona vizuri. Siku hiyo usiendeshe gari.

Na presha ya macho? Kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, lakini wapo wenye 16 ambao mshipa wao wa fahamu wa jicho unakufa polepole. Mpimaji aliyepima presha bila kuutazama mshipa hajamaliza kazi.

Sasa karatasi ya vipimo. Ni haki yako, iombe. SPH ni nguvu kuu ya lenzi; yenye minasi ni ya asiyeona mbali. CYL (nguvu ya kurekebisha jicho lisilo na mviringo sawa) na AXIS (pembe yake) huandamana, na CYL bila AXIS haitengenezeki. Usishtuke ukienda kwingine ukaandikiwa tofauti: -2.50/-0.75×180 na -3.25/+0.75×90 (yaani SPH/CYL×AXIS) ni lenzi ileile. ADD, nguvu inayoongezwa, ni ya kusomea, na wengi huanza kuihitaji baada ya miaka 40.

Kinachokosekana mara nyingi ni PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Kitovu cha lenzi ya -6.00 kikikaa milimita 5 nje ya mboni, kitu kilicho mita 1 mbele yako huonekana kimesogea sentimita 3, na macho hushinda yakivutana kufidia. Kwa namba ndogo kama -1.00 hutaisikia sana. Kwa namba kubwa utaumwa kichwa kila jioni na utalaumu namba, kumbe kosa ni la PD.

Ukienda kuchukua miwani, omba isomwe kwenye lensometa (mashine inayosoma namba ya lenzi) mbele yako na ilinganishwe na karatasi. Ivae, tembea, shuka ngazi kama zipo. CYL mpya inaweza kuifanya sakafu ionekane imeinama kwa wiki moja au mbili. Zaidi ya hapo, rudi na miwani pamoja na karatasi yake, maana bila karatasi hakuna atakayejua kama kosa ni la mpimaji au la mkata lenzi.