Nyoka kwenye picha hatikisiki

Jumapili, saa nne usiku.

Leo Hariri, chatu wangu, amemkosa panya mara nne. Nilimshika panya kwa koleo ndefu, nikamweka karibu kabisa na pua yake. Ulimi ukatoka na kurudi, shingo ikajikunja, akaruka. Meno yalipita pembeni yakauma hewa. Kichwa kikaanza kutetemeka, kikapinda taratibu mpaka kidevu kikatazama juu, akabaki hivyo kwa muda kama aliyepotewa na ardhi. Mara ya tano alimpata. Akammeza, akajivuta chini ya gome lake.

Miaka sita nayaona haya, na miaka yote hiyo nilikuwa nikishika lile la mwisho tu: amekula.

Hariri ni chatu wa kifalme, wale wadogo wa Afrika Magharibi na Kati wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Ana nakshi tunayoiita ya buibui: mistari myembamba myeusi juu ya rangi ya asali, mbavuni kumepauka karibu na weupe. Ni mzuri, sitasema uongo. Nakshi hiyo ilianza kuzalishwa Marekani mwaka 1999 kutokana na nyoka mmoja aliyenaswa porini, na kutoka kwake imeenea duniani kote. Jeni yake ni tawala, yaani mzazi mmoja akiwa nayo, takriban nusu ya watoto huzaliwa nayo. Kwa mfugaji hiyo ni neema. Hungoji vizazi viwili vitatu ndipo uone rangi. Mayai yanapasuka na bidhaa iko tayari.

Pamoja na rangi huja kutikisika. Aliyenifundisha ufugaji aliniambia ni tabia tu ya nakshi hiyo, nami nikalibeba neno hilo, nikalirudia kwa wanunuzi wangu. "Tabia." Mwaka 2022 watafiti walichapisha picha za miale za mafuvu ya nyoka hawa, zikaonyesha kwamba sikio lao la ndani limeumbika vibaya, ile mifereji na kile kifuko vinavyomwambia mnyama juu ni wapi na chini ni wapi. Nilipozisoma nilirudi kumtazama Hariri akiwa amepinduka kichwa, na lile neno likanikwama kooni. Nyoka asiyejua juu na chini hana tabia. Ana ulemavu, na ulemavu huo tumeuzalisha kwa mikono yetu, msimu baada ya msimu, kwa sababu unapendeza machoni.

Wengi wetu tulijifariji kwamba tukichanganya damu vya kutosha, kutikisika kutatoka na rangi itabaki. Zaidi ya miaka ishirini sasa hakujatoka. Wapo wanaotikisika kidogo sana, wapo wanaojizungusha kama kamba inayosokotwa, na mzazi mwenye afadhali hakuhakikishii mtoto mwenye afadhali. Rangi na ulemavu vinasafiri pamoja. Jambo hili si geni kwa wanyama wengine: mbwa wa Dalmatian, weupe wenye madoa, baadhi yao huzaliwa viziwi, kwa sababu sikio la ndani nalo linahitaji seli za rangi ili lifanye kazi. Ukichezea rangi, hujui umegusa nini kingine.

Nimewaza sana kwa nini mijusi ya Lemon Frost ilitushtua haraka na chatu hawa hawakutushtua. Ile mijusi yenye madoa ya chui, ya rangi ya limau iliyong'aa kama imepakwa barafu, ilishangiliwa mno ilipotokea. Kisha vivimbe vyeupe vikaanza kuota kwenye ngozi. Utafiti wa mwaka 2021 uliihusisha rangi hiyo na jeni iitwayo SPINT1, ukaeleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wenye rangi hiyo hupata uvimbe wa seli zilezile zinazowapa weupe. Watu walikubaliana upesi kuwa si sawa, maana uvimbe unauona na kuushika. Lakini chatu halii. Hana uso unaokunjamana. Hana mguu wa kuchechemea. Mateso yake, kama ni mateso, hayana mlango wa kutokea, na sisi tukachukua kule kunyamaza kama jibu.

Na tulikuwa na ushahidi wetu: anakula, anajivua gamba, anataga. Nimeusema mara nyingi, na niliposema niliamini. Sasa naona njaa ni jambo la ndani kabisa ya mnyama, linaweza kumshinda hata asiyeona ardhi iko wapi. Hariri alimrukia panya mara tano leo. Ule ulikuwa uchu wa kuishi. Kuuita afya ni kumdhulumu.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya kuzalisha, nalo ni jinsi nilivyouza. Sikuwahi kumficha mtu aliyeniuliza. Aliyeuliza nilimjibu, "Huwa wanatikisika kidogo." Ila tangazo langu lilikuwa picha siku zote. Nyoka amewekwa juu ya kitambaa cheusi, amejikunja vizuri, mwanga unatoka ubavuni. Nyoka kwenye picha hatikisiki. Nilikuwa na simu ya kurekodi video mkononi mwangu na sikuwahi kuweka video hata moja ya mlo. Najiuliza kama nilikusudia. Sidhani nilikusudia, lakini sidhani pia ilitokea tu.

Hata kama ningeonyesha video, aliyearifiwa ni mnunuzi. Mnunuzi akikubali, amekubali kwa niaba yake mwenyewe na fedha zake. Chatu wa kifalme akitunzwa anaweza kuishi miaka ishirini, thelathini. Hiyo miaka yote ni ya nyoka. Ujerumani, sheria ya ulinzi wa wanyama, kifungu cha 11b, inakataza kuzalisha wanyama ambao inatarajiwa kwa kurithi watapata maumivu, mateso au madhara, na haimwulizi mnunuzi kama ameridhika. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kali. Leo naiona imeangalia mahali ambapo mimi sikuwa nimeangalia.

Rafiki yangu mfugaji ananiambia nikiacha mimi wengine hawataacha. Ni kweli. Ananiuliza pia kama sasa nitawaua nilionao. Hapana. Hariri atakaa hapa mpaka siku zake ziishe. Nimemshushia lile tawi la juu, maana alianguka mara mbili mwezi uliopita, na sanduku lake nimelifunika pande tatu asishtuke, kwa sababu hofu humzidishia kutikisika. Dume sikumwingiza msimu huu. Mashine ya kutotoleshea nimeichomoa kwenye umeme.

Wanaobaki ni wale waliokwishaondoka. Ninalo daftari: nyoka kumi na saba wa nakshi hii, tarehe, na majina ya walionunua. Tangu juzi nawaandikia mmoja mmoja. Nawaeleza kuhusu sikio la ndani, nawaomba wasiwazalishe, na aliyechoka namwambia anirudishie, nitampokea nyoka bila neno. Barua ya kwanza niliifuta mara tatu kabla ya kuituma.

Jioni hii amenijibu mmoja, wa mwaka wa pili kwenye daftari. Maneno machache tu: "Usijali, yuko salama, anakula vizuri."

Nimemwomba anitumie video.