Seva ya GB 1 na mtandao wa kukatikakatika: kwa nini nahariri kwa Vim

Nilipokuwa nahariri msimbo kwenye seva yangu, kila kitu kilikuwa kinagandaganda, na kila niliyemuuliza alinipa ushauri uleule: lipia seva kubwa zaidi. Ushauri huo ulikuwa mbaya, na bado unaniudhi. Seva yangu ina RAM ya GB 1, kodi yake ni kama dola tano au sita kwa mwezi, na inabeba tovuti ya Django na hifadhidata yake, PostgreSQL, bila taabu. Mzigo ulikuwa kihariri, yaani programu ya kuandikia msimbo.

Nilikuwa natumia kihariri cha VS Code kupitia Remote-SSH, kiendelezi chake cha kufanyia kazi kwenye seva ya mbali. Wengi hudhani kinafungua faili kwa mbali tu. Kumbe kinapakua programu nzima na kuiweka ndani ya seva, kwenye `~/.vscode-server`, na Node, injini ya kuendesha JavaScript, inaiendesha hukohuko pamoja na viendelezi vya lugha unayoandika. Maelezo yake rasmi yanataka seva yenye angalau GB 1 na yanapendekeza 2. GB 1 yangu ilikuwa na wenyewe tayari.

Dalili zake zinapotosha sana. Kihariri kinaganda, kinasema kinaunganisha upya, kinarudi, kinaganda tena. Nikalaumu bando, nikabadili laini, hali ikawa ileile. Kisha tovuti yenyewe ikaanza kutoa kosa 500. Hapo ndipo nilipoandika `sudo dmesg -T | grep -i oom`, na jibu likaonekana: kumbukumbu imekwisha, kerneli ya Linux imeiua PostgreSQL. Kerneli haitafuti mwenye kosa. Humwangalia hasa anayekula kumbukumbu nyingi wakati huo. Nikaongeza swapu ya GB 2, yaani sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu ya ziada. Mauaji yakakoma, lakini kuhifadhi faili na kupata mapendekezo ya msimbo kukawa kwa kusubiri.

Vim, kihariri chepesi kinachofunguka ndani ya terminali ya seva yenyewe, ilimaliza tatizo siku hiyohiyo. Faili haitoki kwenye seva. Vinavyosafiri ni vitufe unavyobonyeza na herufi zinazorudi kwenye skrini. Bill Joy aliandika vi, mama yake Vim, miaka ya 1970 akiwa kwenye modemu ya polepole mno, ya baudi 300, kwa hiyo uchumi huo umo kwenye damu yake.

Ila usiitumie bila tmux, programu inayoiacha kazi yako hai kwenye seva hata mtandao ukikatika. Anza na `tmux new -s kazi`, kisha fungua Vim humo. Mtandao ukikatika, ingia tena na uandike `tmux attach -d -t kazi`. Utakuta kishale palepale ulipokiacha. Hiyo `-d` inaifukuza ile skrini ya zamani ambayo seva bado inadhani iko hai. Kama Esc inachelewa ndani ya tmux, weka `set -sg escape-time 10` kwenye `~/.tmux.conf`, kwa sababu matoleo mengi husubiri nusu sekunde nzima.

Ukisahau tmux na laini ikafa, ukifungua tena faili Vim itakupokea na onyo la E325, kwamba kuna nakala ya akiba (`.swp`) ya kazi iliyokatika. Watu huogopa wakabonyeza D (futa), wakafuta kazi yao wenyewe. Bonyeza R (okoa). Vim huandika faili ya `.swp` kila baada ya herufi 200 au ukitulia sekunde 4, hivyo unachopoteza ni kidogo mno. Mimi huhifadhi kilichookolewa kwa jina jingine, `:w views_mpya.py`, nakilinganisha kwa `vimdiff` na faili ya awali, ndipo naifuta `.swp`. Usipoifuta, onyo litarudi kila siku.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni hii. Umehariri faili ya mipangilio ya nginx, programu inayowapokea wageni wa tovuti, kwa nusu saa, unahifadhi, unaambiwa huna ruhusa. Usitoke. Andika `:w !sudo tee % > /dev/null`. Vim inamwaga maandishi kwa `tee`, nayo inayaandika kwa mamlaka ya sudo, yaani ya msimamizi wa seva. Alama ya `%` ni jina la faili. Likija onyo kwamba faili imebadilika, bonyeza L ipakiwe upya. Kwenye Neovim, tawi jipya la Vim, mbinu hii hukwama sudo ikihitaji nywila, kwa hiyo huko tumia `sudoedit` tangu mwanzo. Na kabla ya kuiambia nginx isome upya, kagua makosa kwa `sudo nginx -t`.

Skrini ikiganda ghafla huenda umebonyeza Ctrl-S kwa mazoea, Ctrl-Q inaifungua. Msimbo uliobandikwa ukiteremka kama ngazi, tanguliza `:set paste`, ukimaliza `:set nopaste`.

Ukifungua Vim bila faili, skrini inakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Ombi hilo ni la kweli: mwanzilishi wa Vim, Bram Moolenaar, alijitolea Kibaale, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1994. Soma `:help uganda`.

VS Code sijaitupa. Kusoma msimbo mkubwa wa mtu mwingine, kufuatilia hitilafu hatua kwa hatua, kupatanisha migongano ya Git: hayo nayafanya humo, ndani ya laptopu yangu, kisha `git push` huku na `git pull` kwenye seva.