Waliomba cheti, folda hawakuifungua

Wiki hii nimekataliwa tena. Safari hii ni kampuni moja ya matangazo hapa Dar es Salaam, nafasi ya mchoraji. Ujumbe wenyewe mfupi: wanashukuru kwa maombi yangu, wananitakia kila la heri. Nilishajua tangu siku ya usaili, maana niliulizwa cheti cha chuo kabla sijakaa vizuri, na folda yangu ya michoro ikabaki mezani imefungwa mpaka naaga.

Inauma. Nasema wazi kwa sababu wanaonipenda hukimbilia kuniambia nisijali, Mungu ana makusudi yake, mwisho najikuta mimi ndiye ninayewafariji wao. Kuna siku narudi Mbagala nimesimama kwenye daladala na sitaki kuongea na mtu. Siku kama hiyo sichori. Nafua, nampikia mama, nalala mapema. Hasira ikiwa bado mbichi mstari wangu unatoka mkavu, na sioni faida ya kujilazimisha.

Kilichonisaidia hasa ni kaunta buku. Kila nikikataliwa naandika ni wapi, walitaka nini, nani aliangalia kazi na alisema nini. Nilipokuja kuisoma yote kwa mpigo nikagundua kwamba wengi walionikataa hawajawahi kuona mchoro wangu hata mmoja. Waliishia kwenye sifa za mwombaji: shahada, uzoefu wa miaka 3. Hao hawajasema sijui kuchora, na nimeacha kulala na maneno ambayo hawakuyasema.

Waliofungua folda ni wachache, na hao ndio nawasikiliza. Mama mmoja, mhariri wa vitabu vya watoto, aliangalia ukurasa kwa ukurasa, akavua miwani. "Sura zako zinaongea, mwanangu. Lakini mikono hii imekufa. Ikipona, uje tena." Kazi hakunipa.

Nikachora mikono tu, miezi na miezi. Ya kondakta, noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Ya mama akikuna nazi kwenye mbuzi. Kilichonitesa ni kidole gumba. Nilikuwa nakipanga safu moja na wenzake, kumbe kinaanzia chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono, na ukucha wake unatazama upande. Nilipokielewa hicho, kiganja chote kikakubali kushika vitu.

Kodi inatoka kwenye mabango: saluni, vinyozi, mama lishe. Kinyozi mmoja pale Mbagala Rangi Tatu hakuniuliza nimesoma wapi. Aliuliza bei, na kama rangi itastahimili mvua. Nikamwambia ni rangi ya mafuta, nitapaka mara mbili, asiguse mpaka kesho. Naipaka asubuhi mapema kabla vumbi halijaamka, maana likishatua kwenye rangi mbichi halitoki, hata ukifuta kwa tina.

Huwa namkumbuka sana Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora mwaka 1968 katika jiji hilihili, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za kupakia baiskeli. Chuo cha sanaa hakupita. Alifariki mwaka 1972, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. George Lilanga naye, ambaye kazi zake zilikuja kuoneshwa ng'ambo, aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii hapa Dar es Salaam, kama mlinzi. Siwataji ili nijilinganishe nao. Nawataja kwa sababu picha za Tingatinga tunawauzia watalii kila siku kama fahari ya nchi, halafu kijana aliyejifunza mwenyewe anaambiwa kazi yake haiwezi hata kutazamwa. Hilo linanikasirisha, na sidhani kama ninakosea kukasirika.

Wenye ofisi, ombi langu ni moja: tazameni kazi kwanza. Dakika mbili zinatosha. Mkishatazama, semeni hapana na mseme kwa nini, nami nitakuwa na cha kwenda kufanyia kazi.

Jumatatu narudi kwa yule mama mhariri. Hajatangaza nafasi yoyote, ila neno lake la kuniambia nirudi ninalo. Folda nimeipanga upya. Kurasa zote za mbele ni mikono.