Sifuri za Msembe

Tangazo lilibandikwa ubaoni pale idarani: anatafutwa mwanafunzi wa uzamili atakayetengeneza modeli ya maji ya bonde la Usangu, ada na posho zimelipiwa. Wenzangu walilikimbia kwa sababu ya hilo neno modeli. Mimi, niseme ukweli, niliona posho.

Kazi yenyewe ilikuwa kuilisha SWAT, programu ya bure kutoka Marekani, takwimu za mvua, udongo na mimea ya bonde, nayo ikokotoe mtiririko wa mto Ruaha Mkuu siku kwa siku. Majibu yake unayalinganisha na vipimo vya kituo cha Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Miezi ya mvua ilikubaliana vizuri. Kiangazi kikagoma: kompyuta ilionyesha maji Oktoba nzima, vipimo vikasema sifuri. Msimamizi wangu akazitilia shaka sifuri. "Labda mtu alikaa nyumbani akajaza tu. Nenda kamuulize."

Nikaenda. Mzee aliyekuwa akisoma geji alipoitikia shikamoo yangu aliingia ndani, akatoka na daftari lililochakaa gamba: tarehe kushoto, kisha kina cha asubuhi na cha jioni. Kulikuwa na sifuri, na kulikuwa na vistari. Nikamuuliza vinatofautianaje.

"Kistari, sikufika, tembo walikaa njiani. Sifuri, nilifika, mwanangu. Nimesimama mchangani chini ya ubao wa kipimo, viatu vikavu."

Kumbe kwenye faili nililopewa mjini, vyote viwili vilikuwa vimeingizwa kama sifuri! Mchana kutwa yeye akasoma, mimi nikanakili. Tukiwa katikati ya kurasa akaniuliza, "Hiyo mashine yako umeiambia habari za mpunga?"

Sikuwa nimeiambia. Mto huu ulikauka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1993. Maji ya Ihefu, kinamasi ambamo mto hupita, yakishuka chini ya kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, mlango wake wa kutokea, hakitoki kitu, na mifereji ya mashamba ya mpunga huko juu huendelea kuchota hata kiangazi. Modeli yangu haikuujua mfereji hata mmoja.

Nilipoingiza mifereji na kuviacha vistari wazi, Oktoba ikakauka kwenye skrini. Msimamizi aliitazama grafu kitambo, kisha akauliza maji machache yanayorudi mtoni kutoka mashambani yanabeba mbolea kiasi gani. Basi tasnifu ikapata sura ya ubora wa maji, na posho ikaongezwa muhula mmoja.