Swali la Wifi

Wiki hii posa ya mdogo wangu imejibiwa na barua ya uhamisho wa Baba Sudi kwenda Dodoma imefika, lakini kila ninapochagua mchele sauti ninayoisikia ni ya wifi, aliyekuja Jumapili kutujulia hali na kumkuta Sudi sebuleni, amekaa chini na bisibisi, ameifungua ile redio mbovu ya babu yake.

"Wifi, mnasema mtoto ana maradhi ya kukosa umakini," alisema akivua viatu. "Mbona pale amekaa tangu alasiri, hata adhana ya magharibi hakuisikia? Huyo amekosa adabu, si umakini."

Nilimjibu kwamba daktari ametueleza. Akasema, "Daktari hamlei." Tukanywa chai.

Tangu hapo namjibu kichwani, jikoni, kwenye daladala, hata katikati ya kikao cha kazini, na kila mara kwa ufasaha zaidi. Kimoyomoyo, maana wifi ni mkubwa wangu, nimemwambia kwamba habari za watoto wa namna hii zilielezwa na daktari George Still mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1902, kwa hiyo hawakuletwa na simu za mkononi wala na malezi ya mama wa Tanga. (Kwa bahati mbaya Still naye alizungumzia kasoro ya kujizuia kimaadili, na hapo wifi angeshangilia.) Nimemwambia pia kwamba mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, anaotumia daktari wetu, unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi 6 na zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Hatukuamka tu asubuhi tukampachika mtoto jina la ADHD, hayo maradhi ya umakini anayoyasema wifi.

Alhamisi nilimwambia Sudi aoge, avae, achukue daftari la Hisabati. Nilipomfuata chumbani alikuwa ameshaoga, ameketi kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akisoma kwa makini kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Hakuwa amekaidi hata kidogo; aliponiona alishtuka, akaniuliza kama bado mapema. Pale pale hasira zangu kwa wifi zikapoa, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yangu yote. Umakini mtoto anao tele, usukani wake ndio mgumu. Redio humlipa papo hapo: akigusa waya inakoroma, akikaza skrubu inanyamaza. Malipo ya hesabu za sehemu yapo kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, na mwisho wa mwaka kwake haujakuwepo. Mtafiti Russell Barkley ameshikilia kwa miaka mingi kwamba shida yenyewe ni ya kujiongoza: kuzuia msukumo wa kwanza, kushika agizo kichwani wakati mikono inafanya jingine, kuhisi muda unavyokwenda, kuanza jambo lisilovutia. Mtoto anajua la kufanya. Kulifanya wakati wake ndiko kunakomshinda. Ndiyo maana mawaidha yetu ya usiku, ambayo Sudi huyasikiliza kwa heshima zote, hayamfikishi popote asubuhi. Sasa tumebandika karatasi mlangoni mwa bafu na nyingine kabatini, kila moja ina mambo machache, naye anapiga tiki mwenyewe, na mimi namtuma jambo moja moja.

Jioni hiyo nilicheka peke yangu. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba urithi unachangia asilimia 70 hadi 80 ya tofauti za watu katika hali hii, na wifi Jumapili alisahau mkoba, akaurudia, akaondoka tena akiacha mwavuli, huku kaka yake akizunguka nyumba nzima kutafuta funguo zilizokuwa mfukoni mwake. Simpimi mtu mimi, sina cheti hicho. Ila akija kuuchukua mwavuli wake nitamkaribisha akae karibu na Sudi amwonyeshe redio, maana tangu jana inashika stesheni mbili.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni Dodoma. Nimeambiwa wenye nyumba huko wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na pesa tuliyokuwa nayo imeshaingia kwenye shughuli ya mdogo wangu.